Kadi Mfukoni, Dawa Kabatini

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwetu Balangdalalu tumepata mazungumzo mapya. Mnadani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata msibani watu wakisubiri chai, utasikia mtu akiuliza hiyo bima italipiwa shilingi ngapi na itamfikia nani. Vijana wameisikia kupitia simu zao. Wazee wanaipokea kwa tahadhari, kwa sababu wao walishawahi kuwa na kadi.

Wilaya yetu ya Hanang ina historia ndefu na jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Mfuko wa Afya ya Jamii, ule tunaouita CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na kabla karne haijaisha Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuupokea. Sheria yake ilitungwa baadaye, mwaka 2001. Waliojiunga zama zile walikuwa wanajifunza pamoja na Serikali. Jina la baba yangu lilikuwa kwenye daftari lile, na miaka mingi baadaye mimi nilichaguliwa kuingia kwenye kamati ya zahanati. Niliyoyaona kati ya daftari la baba na viti vya kamati ndiyo yananisukuma kuandika sasa, kabla hatujaandikishwa tena.

Nikiwa mtoto, zama za kabla ya mfuko, matibabu ya Serikali hayakuwa na malipo. Kilichotusumbua kilikuwa umbali. Kulikuwa na kliniki ya mkoba, iliyokuja kwa gari siku yake maalumu na kuweka kambi chini ya mgunga mkubwa, njiani kuelekea kwenye magadi. Gari lilisikika muda mrefu kabla halijaonekana, nasi watoto tulikimbia kulipokea. Nesi alifunga mzani wa mviringo kwenye tawi kwa kamba ya katani, na chini ya mzani akaning'iniza kaptula ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto alitumbukizwa humo akipiga kelele, mshale ukatetemeka, nesi akasubiri utulie, kisha akasoma kilo kwa sauti ili mwenzake aweke nukta kwenye kadi. Akina mama wa Kibarabaig wenye sketi zao za ngozi na akina mama wa Kiiraqw wenye kanga walikaa mstari mmoja, jambo ambalo siku nyingine hukuliona mara nyingi. Kasha la chanjo lilifunguliwa na kufungwa haraka, baridi isitoke.

Baada ya sindano yalifuata mafunzo. Nesi yule, mama wa makamo, alikuwa na swali alilomuuliza kila mzazi: "Mama, huyu mtoto maziwa mnamchemshia?" Wengi walicheka kwa aibu. Kwa mfugaji, maziwa yaliyochemshwa yamepoteza utamu. Nesi hakumkemea mtu. Alieleza kwamba homa ile isiyoisha, inayopanda jioni na kuacha viungo vikiuma kwa miezi, inaweza kutoka kwa ng'ombe na mbuzi, na kwamba moto unaiua. Alifundisha pia kuosha nyuso za watoto, kwa sababu nzi wanaokaa kwenye macho yenye tongo hubeba trakoma, na trakoma ikirudiarudia humpofusha mtu uzeeni. Maji ya kuosha uso ni kidogo mno, alisema, kiganja kimoja kinatosha. Bibi yangu alianza kutuosha nyuso siku ileile.

Mara nyingi nasikia watu wa mjini wakisema kwamba wafugaji wa huku hawapendi hospitali. Chini ya mgunga ule niliwaona wanawake waliotembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kwa sababu walikuwa na hakika kwamba siku hiyo gari litakuwepo. Upande wa Mbulu hali ni hiyohiyo. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe na ambayo leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT, ilijenga jina lake pamoja na kliniki za mama na mtoto zilizowafuata watu walipo, na sehemu zisizofikika kwa gari walitumia ndege ndogo za shirika la MAF. Mama aliyeambiwa kliniki iko tarehe fulani, na kweli akaikuta, mwezi unaofuata atakuja na jirani yake.

Mwaka 1993 Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu, kwanza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka ngazi hadi ngazi. Nyumbani kwetu mabadiliko hayo yalikuja kwa sura ya mbuzi. Shangazi aliugua masika, baba akatoa mbuzi wawili zizini akawapeleka mnadani, na aliwauza kwa bei ambayo hakuwahi kuitaja mbele yetu. Masika ndiyo wakati mbaya kuliko wote. Mbu ni wengi, homa ni nyingi, ghala la mahindi liko tupu, na wanunuzi wa mifugo wanajua kwamba muuzaji amebanwa. Anayeuza kwa sababu ya ugonjwa hana nguvu ya kukataa bei.

Kwa hiyo CHF ilipofika, baba aliielewa upesi. Unalipa mara moja baada ya mavuno, mkono ukiwa na kitu, na masika ikija umekwisha kujikinga. Alilipia kaya nzima. Kadi aliiviringisha kwenye nailoni akaichomeka juu ya mlango, mahali pa stakabadhi za kodi na kadi ya chama. Mwaka wa kwanza tulitibiwa vizuri, na baba aliwashawishi majirani kadhaa.

Ulipofika msimu mwingine, mdogo wangu alishikwa na kifua. Tulifika zahanati tuliyoandikishwa, kadi ikapokewa kwa heshima, mtoto akapimwa vizuri kabisa. Kisha tukaambiwa dawa hakuna, tukanunue dukani. Baba alisimama muda mrefu akiitazama kadi. Mganga naye alikuwa na uchungu usoni. Hakuwa ameficha dawa. Kabati lilikuwa wazi nyuma yake na kila aliyekuwa ndani aliliona. Tulinunua dawa dukani kwa fedha taslimu, na wiki chache baadaye, kaka yangu alipovunjika mfupa na kupelekwa hospitali, tuligundua kwamba kadi ile haina kazi nje ya kituo kimoja kilichoandikwa juu yake. Jirani yetu wa Kibarabaig alikuwa na shida kubwa zaidi. Ukame ukimkuta anahamisha ng'ombe kuelekea Singida na kwingineko, miezi mingi. Alilipia matibabu mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo.

Baba hakulipia tena. Majirani aliowashawishi nao waliacha, na lililomuumiza zaidi ni hao majirani.

Katika mikutano ya miaka ile tuliambiwa kwamba wananchi hawana mwamko. Kauli hiyo inaniudhi mpaka leo. Baba alikuwa na mwamko wa kutosha kuuza gunia la mahindi kabla mtu yeyote hajaumwa. Aliacha kulipa kwa hesabu ileile iliyomfanya alipe.

Sababu ya kabati kuwa tupu sikuielewa mpaka nilipoingia kwenye kamati. Miaka ya nyuma fedha za wanachama zilikusanywa vijijini na kupelekwa kwenye akaunti ya ngazi ya wilaya. Serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile tulichochanga, mpango ulioitwa tele kwa tele, na ahadi hiyo ilikuwa nzuri. Lakini ili zahanati ipate boksi la glovu, barua iliandikwa, ikasainiwa, ikapanda, ikasubiri kikao, na aliyeamua mwisho hakuwa ameona foleni ya asubuhi. Kijiji kilichochanga hakikujua fedha yake iko wapi. Mganga mfawidhi hakujua itarudi lini. Hapakuwa na haja ya mwizi ili mambo yaharibike. Umbali kati ya sanduku la fedha na kabati la dawa ulitosha.

Tuliona tofauti kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Nakumbuka kikao cha kwanza baada ya hapo. Tulikaa kwenye benchi la wagonjwa jua likizama, mganga mfawidhi akaleta leja ya dawa na kuifungua mbele yetu ukurasa kwa ukurasa. Kila dawa ina ukurasa wake: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mzee mmoja wa kamati, ambaye hakusoma shule lakini anajua idadi ya ng'ombe wake kwa rangi na kwa mama zao, alitaka asomewe safu ya mwisho tu. Dawa za kuhara za watoto: sifuri. Dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua: chache mno. Alisema, "Basi tuanze na hizo za wazazi. Mwanamke akimwaga damu hatusubirii barua." Tukaandika hivyo kwenye muhtasari. Oda ilikwenda Bohari ya Dawa, na kwa zile zilizokosekana huko mganga alifuata utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yule muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa.

Tulifanya na jambo jingine dogo. Tulibandika mlangoni karatasi yenye orodha ya dawa zilizopo, ikiandikwa upya kila Jumatatu. Wengine waliogopa kwamba karatasi itatuaibisha siku dawa zikiisha. Siku zilipoisha tuliandika zimeisha, na tukaandika oda imetumwa lini. Watu walisimama wakaisoma, na asiyejua kusoma alisomewa na mwanafunzi aliyepita. Ugomvi dirishani ulipungua sana, na waliokuja kuulizia kadi walianza kuwa wale waliokwisha kuisoma karatasi. Naamini karatasi ile ilifanya kazi ya uhamasishaji kuliko vipaza sauti vyote vilivyowahi kupita kijijini.

Wakati huo CHF yenyewe ilikuwa imebadilishwa. Hii iliyoboreshwa iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka, uandikishaji ukafanywa kijijini kwa simu, mtu anapigwa picha palepale, na kadi ikafanya kazi kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Matatizo mawili makubwa yaliyomfukuza baba, kituo kimoja na rufaa isiyolipiwa, yalikuwa yameshughulikiwa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na nilisikitika kwamba baba hakuwepo kuona.

Lakini hata hapo palikuwa na swali lililoletwa na mzee wa Kibarabaig mwenye wake watatu. Aliuliza kaya yake ni ipi. Kila mke ana nyumba yake na watoto wake, boma ni moja, zizi ni moja. Kwa hesabu ya watu 6, boma lake lilikuwa kaya kadhaa na malipo kadhaa. Mwandikishaji, kijana mwenye adabu, alimjibu kwa mujibu wa fomu yake. Mzee akasema, "Mwanangu, fomu yako haijafika kwangu," akaagana naye vizuri akaondoka. Mwisho mke mkubwa aliuza ndama wake na kulipia nyumba yake mwenyewe, kisha wake wenzake wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake. Waliofungua njia pale ni wanawake wenye mifugo yao, na anayekuja kuandikisha angefanya vizuri kubisha hodi kwenye nyumba hizo kwanza.

Taasisi na wafadhili wamepita wengi katika miaka hii, na sitaki kuwabeza. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilichukua kazi ambayo wengi waliikwepa, ya kupeleka watumishi wa afya kwenye wilaya za pembezoni na kuwajengea nyumba za kukaa. Aliyewahi kuona muuguzi mpya akihama kwa kukosa chumba cha kulala anajua thamani ya nyumba hizo. Mpango wa m-mama, unaoungwa mkono na Vodacom Tanzania Foundation pamoja na Serikali, ulifika mikoani kote kwa namba ya bure ya 115. Namba hiyo ikipigwa, mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango, si na familia.

Niliona ikifanya kazi usiku mmoja wa mvua. Mke wa jirani alikuwa na uchungu tangu mchana na mtoto hashuki. Zamani tungekuwa tunatafuta machela na wanaume wanane, au tungempakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kitu ambacho sipendi hata kukikumbuka. Safari hii muuguzi alipiga 115, akaeleza hali kwa utulivu, kisha akaendelea kumshika mama mkono. Gari lililokuja ni la kijana anayebeba abiria wa mnada. Alikuwa amekunja viti vya nyuma na kutandika godoro la nyumbani kwake. Mama alifanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri. Mtoto yule sasa anakimbiakimbia na ndama.

Kitaifa, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sehemu ya maarifa yanayookoa akina mama na watoto leo ilianzia kwa jirani zetu. Ni Haydom ambako watafiti wa Kitanzania na wa Norwe, wakisaidiwa na taasisi ya Laerdal, walichunguza kwa miaka mingi kinachotokea katika dakika ya kwanza ya mtoto asiyelia. Walibaini kwamba semina moja ya siku kadhaa husahaulika, na kwamba mkunga anahitaji kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara, kwa mwanasesere, pale wodini anapofanyia kazi. Mradi uliotokana na hayo, Safer Births, ulipelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara yetu ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa asilimia 75 hivi. Mwanasesere analala kwenye meza ya kona. Mkunga akimaliza zamu anafanya zoezi, anakwenda zake. Misaada ya namna hii naipenda, kwa sababu mfadhili akiondoka mikono ya mkunga inabaki na alichokijua.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siwezi kuandika mengi juu ya siku hiyo. Nitasema tu kwamba walioopolewa wa kwanza waliopolewa na majirani kwa majembe na mikono, na walipofikishwa kwa wahudumu hakuna aliyesimama kuulizwa kadi. Kwa siku kadhaa tuliona jinsi huduma inavyokuwa pale jamii nzima inapokubali kubeba mgonjwa wa yeyote. Bima kwa wote, nikiifikiria, ni kuufanya moyo wa wiki ile uwe utaratibu wa mwaka mzima.

Ndiyo maana nataka sheria hii ifanikiwe, na ndiyo maana nina mambo ya kuwaambia watakaoileta kwetu. Wakusanye michango kuanzia mavuno mpaka mwisho wa kiangazi, tena mnadani, fedha ikiwa bado mkononi, na waruhusu kulipa kwa awamu. Wakubali nyumba ya mke kuwa kaya. Wahakikishe kadi inamfuata mfugaji popote ng'ombe wake walipo. Na fedha ya kununua dawa ibaki karibu na kabati, chini ya watu wanaoiona foleni, leja ikifunguliwa mbele yao. Kama hili la mwisho litarudishwa nyuma, nawahakikishia kwamba wajukuu wa baba yangu watafanya hesabu ileile aliyofanya yeye.

Liko pia suala la wasiojiweza. Sheria inataka wagharamiwe, na hilo ni jema, lakini kwanza lazima wajulikane. Nimehudhuria mikutano ambayo orodha ya maskini ilisomwa kwa sauti mbele ya kijiji. Mjane mmoja aliposikia jina lake alijifunika kanga usoni, akaondoka, na hakurudi kuchukua alichoandikiwa. Wanaume wawili wenye mifugo ya kutosha walikuwa kwenye orodha hiyohiyo na hawakuona haya.

Nilimpelekea jambo hili bibi mmoja wa Kibarabaig anayeheshimika katika baraza la wanawake. Kwa mila ya Wadatoga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, baraza hilo lina uwezo wa kumkalisha mwanaume chini na kumtoza ng'ombe akimkosea mwanamke, hata kama mwanaume huyo ni tajiri. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha maziwa, yaliyochemshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini wanaume wa ofisini wanahangaika kutafuta jambo ambalo wanawake wanalijua. Ni wanawake wanaojua moto haukuwashwa nyumba gani jana, nani amekopa unga, mzee yupi analishwa na wajukuu. "Tuachieni sisi majina," alisema. "Tutayaleta yakiwa yamekunjwa, na hakuna atakayeyasoma barabarani."

Kamati imekubali. Mwenyekiti wa kijiji ameomba kwanza apewe maandishi, naye bibi amemjibu kwamba mjukuu wake aliye kidato cha tatu ataandika. Wanawake wameshaanza na vitongoji vya mbali, upande wa magadi, ambako barabara hukatika mvua zikianza.